Pancha Kila Wiki: Tusilaumu Miba Peke Yake

Leo nataka tuongee juu ya pancha. Najua wengine watasema hayo ni mambo ya fundi wala si ya kikundi. Hata mimi nilikuwa nafikiri hivyo mpaka nikaaibika mbele ya watu.

Kuna kikundi cha wafugaji wadogo karibu na Marigat, huko Baringo, ambacho kina baiskeli mbili za Black Mamba. Kila asubuhi vijana wawili wanapeleka maziwa ya wanachama kwa hoteli za mjini. Ukijua joto la Marigat utaelewa kwamba maziwa hayangoji mtu. Baiskeli ya kwanza ilikuwa inafika bila shida. Ya pili ilikuwa inapata pancha wiki baada ya wiki, saa zingine mara mbili kwa wiki moja, na maziwa yanarudishwa yakiwa yameanza kuganda. Wanachama wakasema yule kijana ni mzembe, ati anapita njia za mkato zenye miba. Wakaniuliza mimi tufanye nini. Na mimi, kama mtu aliyesomea mambo ya vikundi, nikajibu haraka: wekeni faini. Wakaweka. Kijana akalipa mara tatu. Mara ya nne mkutano ukaitwa wa kumtoa kabisa.

Kilichomwokoa ni tyubu yenyewe. Mzee mmoja ambaye ni fundi wa baiskeli hapo sokoni alikuwa amekuja mkutanoni kwa sababu mkewe ni mwanachama. Akaomba gurudumu la nyuma, akatoa tyubu, akaanza kuhesabu viraka. Vilikuwa saba. Vitano kati ya hivyo vilikuwa upande wa ndani, ule unaolalia rimu. Akauliza, "Huu mwiba uliingiaje huku? Uliruka juu ya spoki?" Hakuna aliyejibu.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo la kwanza: kabla ya kuziba tundu, lisome. Tundu linakuambia lilitoka wapi. Likiwa upande wa nje, unaogusa ardhi, hiyo ni miba, msumari au chupa. Likiwa upande wa ndani, tafuta shida kwa rimu. Ukiona matundu mawili madogo yamekaa pamoja kama alama ya meno ya nyoka, hiyo ni tairi iliyokosa upepo. Tyubu ilibanwa kati ya jiwe na rimu. Na ikiwa imepasuka kwenye shina la valvu, tairi ilikuwa inateleza juu ya rimu ikiburuta tyubu nayo.

Sasa turudi kwa ile baiskeli. Ndani ya rimu kuna vichwa vya spoki vimejipanga mzunguko mzima, na juu yake huwa kuna mshipi mwembamba wa mpira wa kuvifunika. Kwa hiyo baiskeli mshipi ulikuwa umekatika zamani na kusogea pembeni. Spoki mbili zilikuwa ndefu kupita kiasi, ncha zake zimetokeza. Kila pancha ilipozibwa tyubu ilirudishwa palepale juu ya ncha zilezile, mzigo ukapandishwa, na tundu lingine likaanza. Yule kijana angeweza kupita barabara ya lami mchana kutwa na bado angepata pancha. Mzee alichukua tupa akasugua zile ncha hadi zikawa sawa na vichwa vyake. Akakata ukanda kutoka kwa tyubu kuukuu, mwembamba wa kukaa ndani ya rimu bila kupanda kando, akautoboa tundu moja la kupitishia valvu, akauvuta ukakaza. Kazi yote haikumaliza nusu saa. Mshipi wa namna hiyo haununuliwi, kila fundi ana tyubu kuukuu zimening'inia ukutani.

Jambo la pili ni upepo, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndipo wengi wetu tunakosea. Tairi ya upepo ya baiskeli ilitengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1880 na John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, aliyetaka baiskeli ya mtoto wake ya magurudumu matatu iache kumtikisa. Tangu hapo kinachobeba mzigo ni upepo. Mpira ni mfuko tu wa kuushika. Watu wengine wanaacha tairi iwe laini wakifikiri mwiba utashindwa kuingia kitu kilicho laini. Hapana. Tairi laini inalala chini, inagusa sehemu kubwa zaidi ya njia, kwa hivyo inaokota miba mingi zaidi. Pia inabanwa na mawe, inajikunja ubavuni hadi nyuzi zinakatika, na inachosha miguu ya mwendeshaji.

Hebu tupige hesabu. Maziwa ya lita 40 yana uzito wa zaidi ya kilo 41, na hapo hujahesabu mitungi. Yote yamekaa kwa keria, yaani juu ya gurudumu la nyuma, pamoja na sehemu kubwa ya uzito wa mwendeshaji. Ndiyo maana tairi ya nyuma inaisha kwanza na kupata pancha zaidi. Ubavuni mwa tairi nyingi pameandikwa kiasi cha upepo kinachofaa. Tatizo ni kwamba pampu zetu za mkono hazina kipimo. Basi fanya hivi: pakia mzigo wako wa kawaida, mwendeshaji apande, mwingine ainame aangalie pale tairi inapogusa ardhi. Ikitanuka kidogo tu ni sawa. Ikilala kama chapati, ongeza. Halafu bonyeza kwa kidole gumba na ukariri ugumu huo, ndio utakuwa kipimo chako cha kila asubuhi kabla ya kupakia. Usingoje mpaka uone imelala, kwa sababu hata tyubu nzima isiyo na tundu hupoteza upepo polepole siku zikipita.

Kuna pancha ambayo si pancha. Unaamka asubuhi tairi imelala, unatoa tyubu, unaizungusha kwa maji, huoni tundu. Angalia valvu. Zile za Black Mamba nyingi zina kijimpira chembamba kama uzi mnene kinachovaa juu ya kijiti cha chuma. Hicho ndicho kinachozuia upepo usirudi nje. Jua likikikausha kinapasuka. Tia mate juu ya valvu, ukiona mapovu umempata mwizi. Kubadilisha kijimpira ni kazi ya dakika mbili na bei yake ni ndogo sana, kwa hivyo kila mwendeshaji awe na kipande mfukoni. Ukiona valvu imeanza kulala upande mmoja, usiivute kwa nguvu. Toa upepo, sogeza tairi na tyubu mpaka valvu isimame wima, ndio ujaze tena.

Haya, sasa miba. Sisemi haina makosa. Baringo tuna mathenge, mti ulioletwa na kupandwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kupata kuni, ukaenea hadi malishoni na kwenye njia. Mwaka wa 2006 wakazi walikwenda mahakamani kwa sababu ya mti huo na hasara uliyowaletea mifugo. Mwiba wake unaweza kufika sentimita 5, mgumu kama msumari. Kwingine mna migunga, na kwenye vijia vya mchanga mna mbigili, ambayo ikianguka namna yoyote inabaki na ncha moja imeangalia juu.

Lakini sikilizeni hili. Miba mingi, hasa midogo, haitoboi mara moja. Inashika kwa mpira wa nje, na kila gurudumu likizunguka inasukumwa ndani zaidi, mpaka kesho au kesho kutwa inafika kwa tyubu. Kwa hivyo ukifika nyumbani jioni geuza baiskeli kichwa chini, zungusha gurudumu polepole, na utoe kila kitu kilichoshika, hata kipande cha chupa kidogo kama punje ya mchele. Dakika tano zinatosha. Wakati wa mvua fanya hivyo hata asubuhi, kwa sababu mpira uliolowa unakatwa kwa urahisi kuliko mkavu. Siku hizo mvua inaleta takataka za kila aina njiani.

Ukipata pancha ya mwiba usikimbilie kuziba tu. Mwiba uko wapi? Mara nyingi umevunjikia ndani ya tairi, na ukirudisha tyubu utatobolewa tena kabla ya kufika sokoni. Usipitishe vidole, utajichoma. Chukua kitambaa cha pamba, kipitishe ndani ya tairi mzunguko mzima, pande zote mbili. Kikikwama, hapo ndipo ulipo. Mafundi wazuri wanafunga tairi maandishi yake yakiwa sawa na valvu, ndio wakipata tundu kwa tyubu wanapima tu kutoka valvu na kujua mahali pa kutafuta kwa tairi.

Katika kuziba, kosa ninaloliona kila mahali ni haraka. Sugua kwa msasa mpaka ule mng'aro uishe, paka solusheni nyembamba, halafu ngoja. Ngoja hadi isiwe majimaji tena, iwe inanata tu ukiigusa pembeni. Ndipo uweke kiraka na ukigandamize kwa nguvu. Kiraka kilichobandikwa juu ya solusheni mbichi kitang'oka tairi ikipata joto. Na tafadhali, tusifungue tairi kwa bisibisi. Pancha nyingine mpya zinatokea mikononi mwetu wenyewe tunapoibana tyubu tukirudisha tairi. Tumia mpini wa kijiko, na upande wa mwisho malizia kwa vidole gumba.

Kuna wanaoweka tairi kuukuu ndani ya mpya kama ngao. Inasaidia sana kwa miba, nimeona, ingawa gurudumu linakuwa zito. Lakini kata kwanza zile kingo zenye waya, halafu sugua kingo zilizobaki kwa jiwe ziwe nyembamba, na upake poda kidogo. Bila hivyo kingo zenyewe zitailia tyubu taratibu, na mtarudi kulaumu mathenge. Tairi ambayo nyuzi zake zimeanza kuonekana nje haisaidiwi na ngao yoyote. Hiyo inunuliwe mpya, na kikundi kiiwekee akiba mapema badala ya kuchangishana siku maziwa yamemwagika. Na baiskeli ilale kivulini. Jua na mafuta ya taa, vyote viwili vinaua mpira.

Tena kuna kazi ambayo mtu mmoja haiwezi. Kile kikundi kilikuwa kimekata matawi ya mathenge kuzungushia boma, na kuyaburuta kwa njia ileile ya baiskeli. Miba iliyodondoka hapo ni yao wenyewe. Walipogundua walitoka asubuhi moja na reki na mafagio, wakasafisha kutoka bomani hadi barabara kubwa, na wakakubaliana matawi yapitishwe upande wa mtoni. Vikundi vyenye njia moja ya kila siku, ya maji, ya shule au ya zahanati, mnaweza kufanya vivyo hivyo.

Tangu rimu itengenezwe, baiskeli ya pili ilikaa zaidi ya miezi miwili bila pancha hata moja. Ilipopata, ilikuwa mwiba wa kweli, upande wa nje, na kijana aliuleta mkutanoni ameufunga kwa karatasi. Kuhusu zile faini tatu, mimi mwenyewe nilisimama nikasema nilitoa ushauri kabla ya kuangalia, na nikaomba arudishiwe. Wakakubali, lakini wanamlipa kwa awamu, kwa sababu mweka hazina alikuwa ameshanunua sufuria ya kuchemshia maziwa.