Upana wa Bomba, Kimo cha Tenki

Tenki limejaa, lakini mmoja akianza kuoga, maji ya jikoni yanakuwa uzi mwembamba. Wengi hudhani dawa ni kununua tenki kubwa zaidi. Sayansi inasema sivyo. Presha ya maji yaliyotulia hutokana na kimo: kila mita 10 huleta takriban baa 1. Tenki lililo mita 3 juu ya koki hutoa baa 0.3 tu, liwe la lita 500 au 5,000. Maji yakianza kutembea, msuguano ndani ya bomba hula sehemu ya presha hiyo, hasa bomba likiwa jembamba.

Katika karne ya 19, mhandisi mmoja Ujerumani alipitisha maji kwenye mirija ya metali, na daktari mmoja Ufaransa, aliyetaka kuelewa mwendo wa damu, akatumia mirija myembamba ya kioo. Wote waligundua kwamba maji yakitiririka kwa utulivu, kipenyo kikiongezwa mara mbili kwa presha ileile, yanayopita huongezeka mara 16. Katika mabomba ya nyumbani maji huvurugika, hivyo faida hushuka hadi mara sita hivi. Hata hiyo si haba.

Wilayani Same uhusiano huu wa kimo na upana una sura mbili. Mjini, kwenye tambarare kavu, kuna nyumba zinazotegemea tenki juu ya mnara mfupi. Presha ni ndogo, kwa hiyo bomba kuu litokalo kwenye tenki liwe pana, la robo tatu ya inchi au inchi moja, na la nusu inchi libaki la kwenda kwenye koki mojamoja. Mama anayejaza ndoo ya lita 20 kwa dakika nne atatumia mbili bomba pana likimpa lita 10 kwa dakika.

Kwenye milima ya Upare, kimo ni kingi. Wazee wa huko walijua vyema kukitumia: maji ya usiku waliyahifadhi kwenye ndiva, yaani mabwawa madogo ya kienyeji, mchana wakayafungulia mifereji ya mashamba. Leo mkulima wa tangawizi anayevuta maji kwa bomba kutoka chanzo kilicho mita 100 juu yake ana baa 10 koki ikifungwa. Bomba jepesi litapasuka. Anahitaji bomba la daraja linalostahimili presha hiyo, au tenki la kupunguza presha njiani.

Tahadhari ipo. Bomba pana haliongezi presha itokanayo na kimo wala halileti maji siku ya mgao. Likizidi mahitaji, ni fedha iliyozikwa, na maji hukaa ndani yake muda mrefu bila kusogea. Urefu na kona nyingi nazo hupunguza maji.

Kabla hujanunua, pima kimo, pima urefu, hesabu koki zitakazofunguliwa pamoja, kisha mpe fundi namba hizo. Kubadilisha bomba dukani ni rahisi kuliko kubomoa ukuta.