Spea za Gramafoni: Nembo Isikupotoshe

Mtu wa Kamembe aliyerithi gramafoni ya kutia ufunguo huanza kumwonyesha fundi nembo: mbwa anasikiliza tarumbeta, basi hii ni HMV. Mimi nembo huiangalia mwisho. Mashine hizi zimefunguliwa na mafundi wengi, kila mmoja akafunga spea aliyoipata. Tena zipo zilizoungwaungwa India kwa vipande vya mashine tofauti, zikatiwa tarumbeta jipya la shaba na kibati cha mbwa.

Anza na kichwa cha sauti, kile kiduara kinachoshika sindano. HMV 101 ya kubeba mkononi, iliyotoka 1925, ilikuwa na kichwa namba 4, chenye kiwambo cha ulanga. Iliyoifuata, 102 ya 1931, ilianza na kichwa 5B, baadaye namba 16, na vyote viwili kiwambo chake ni cha alumini. Ukikuta 102 yenye ulanga unaong'aa, jua kichwa kimebadilishwa.

Sasa kigeuze. Vichwa vingi vya zama hizo vilisubiwa kwa aloi ya zinki, na aloi hiyo ikiwa na uchafu huvimba ndani kwa ndani, kisha hupasuka. Tafuta nyufa nyembamba kama unywele kuzunguka shingo. Ukiziona, usikivute kwa nguvu. Shingo itabaki vipandevipande kwenye mkono wa mashine. Mpira wa nyuma uliokauka ni jambo dogo, unabadilishwa. Pima pia tundu la shingo kwa kalipa, kwa maana kichwa cha Columbia hakiwi cha HMV kwa kuzungushiwa utepe, hata kikikaa.

Springi ndiyo inayowasumbua wengi. Upana peke yake hautoshi: pima unene na urefu, kisha tazama ncha zake. Kuna yenye tundu la duara, yenye tundu la umbo la peasi, na iliyokunjwa kama ndoana. Ncha isipooana na kishikio chake, springi itachomoka. Na kabla ya kuagiza mpya, hakikisha ya zamani imekatika kweli. Mpini ukizunguka bila kukaza, huenda imekatika. Lakini ukisikia vishindo ndani ya kopo lake, mara nyingi ni grisi tu iliyoganda. Tafadhali, usifungue kopo hilo kabla springi haijalegea yote; inakata vidole.

Sindano ya chuma hubadilishwa kila upande wa santuri. Santuri za lebo ya Ngoma zilizoanza kutoka Léopoldville mwaka 1948 ni za mizunguko 78, ndizo zinazofaa hapa. Zile za vinili za mizunguko 45, hata rumba uipendayo kutoka ng'ambo Bukavu, uzito wa kichwa hiki utazichimba mara ya kwanza tu.

Kichwa kilichopasuka usikitupe: skrubu ya sindano, kishikio chake na kiwambo kikiwa kizima vitaponya kingine cha namba ileile.