Je, Wajua? Mwalimu wa Wembe Yuko Mgongoni

Je, wajua kwamba ule wembe mrefu wa kukunja wa vinyozi wa zamani hubeba kipimo chake wenyewe? Ulaze juu ya kinoo, mgongo na makali viguse pamoja, na pembe imeshapatikana: nyuzi 16 hivi! Huna haja ya kukisia. Usiinue mgongo tu.

Je, wajua makali yaliyonolewa barabara hayafiki unene wa mikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita? Hebu shika unywele wako mmoja. Huo una mikroni 50 hadi 100!

Na usiudharau unywele huo. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha kwamba unaweza kuyamega makali ya wembe, ingawa chuma chake ni kigumu mara 50 kuliko unywele wenyewe. Laini amemshinda mgumu!

Unataka kujua kama unanoa sawasawa? Paka wino wa maka peni kwenye ukingo wa makali, kisha pitisha wembe kinooni mara moja. Wino ukitoka upande wa kipini na kubaki upande wa ncha, mkono wako umeshajisema!

Je, wajua kukandamiza ndiko kunakoharibu? Pande zote mbili za wembe zimechongwa zikabonyea, na chuma karibu na makali ni chembamba hata hupinda ukikilemea. Uzito wa wembe wenyewe watosha.

Vinoo vingi ni vyembamba kuliko urefu wa makali ya wembe, ambao huwa sentimita 7 hivi. Basi noa kimshazari: sukuma mbele huku ukivuta kando, toka kisiginoni, yaani upande wa kipini, hadi nchani. Ukigeuza upande wa pili, njia zako mbili zinachora alama ya X!

Hata kinoo chenyewe huliwa, kikabonyea katikati. Kichore mistari ya penseli, kisha kisugue juu ya bamba lililonyooka. Mistari yote ikifutika, kimesawazika!

Je, wajua kuna kinoo kinachonoa kwa vito? Ni jiwe la njano la milima ya Ardennes, Ubelgiji, lililojaa chembe za ganeti. Mwamba wake una umri wa zaidi ya miaka milioni 400!

Na hili? Mwaka 1769 fundi visu Mfaransa, Jean-Jacques Perret, alichapisha kitabu kizima cha kumfundisha mtu kujinyoa mwenyewe. Humo alieleza pia mawe ya kunolea na namna ya kutayarisha ngozi ya kupigia wembe msasa wa mwisho!

Kwenye ngozi hiyo, angalia, mambo hugeuka. Kinooni makali hutangulia. Ngozini mgongo ndio utangulie, la sivyo utaukata ukanda wako wa ngozi. Ukifika mwisho, biringisha wembe juu ya mgongo, kamwe si juu ya makali.

Sasa sogea karibu na taa, elekeza makali juu, uyatazame. Panapometa kijistari cheupe, hapo ni butu, kwa sababu pana upana wa kurudisha mwanga. Ukitazama toka kisiginoni hadi nchani usione kitu, furahi: umenoa!