Trekta dogo: Tazama uzani kabla ya nguvu za farasi

MVUA ya masika inapokatika, wenye viwanja vipana mitaani Karen na Lang'ata huanza kutafuta trekta dogo la kukata nyasi na kupakia samadi. Wengi huuliza kwanza nguvu za farasi, kisha bei. Yapo mambo mawili yanayostahili kutangulia.

La kwanza ni mwinuko. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Injini ya dizeli isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Hivyo trekta la farasi 25 kule Mombasa hufanya kazi kama la farasi 21 hapa.

La pili ni usalama. Ndoo ya mbele ikijaa na kuinuliwa juu, uzani huhamia mbele na magurudumu ya nyuma huwa mepesi. Penye mteremko, trekta laweza kupinduka kabla dereva hajaruka. Kwa hivyo dai fremu ya chuma ya kumkinga dereva, pamoja na mshipi, kwani kimoja bila kingine hakitoshi. Funga uzani nyuma na ubebe ndoo karibu na ardhi.

Hatimaye, kabla ya kulipa, pitia Barabara ya Kirinyaga uulizie filta na mikanda yake. Trekta linalosubiri kipuri kutoka ng'ambo halikati nyasi.