Msibomoe Klabu, Ipeeni Bendi

Kazo wangu ni nesi London, hupiga shifti za usiku. Wiki moja akapata ofu, akaishia shoo, na venye alitoka akanirushia voisnoti bado anahema: "Manze, nilikuwa juu kabisa, balkoni ya mwisho, na bado nilikuwa naona jasho ya msee wa drams." Hiyo jasho ndo imenikalisha chini niandike hii kitu.

Base yenyewe inaitwa KOKO. Iko Camden, kaskazini ya tao ya London, mkabala na stesheni ya treni ya Mornington Crescent. Inabeba wasee kama 1,500. Na kabla igeuke mahali bendi hupiga laivu, ilikuwa naitklabu moto ile mbaya, jina Camden Palace. Hapo ndo risto ilinishika. Ju huku Kanairo klabu ikikufa tumezoea vitu mbili: ama inageuka maduka za simu, ama inabomolewa na ploti inazungushiwa mabati.

Hiyo nyumba ni mzae. Ilifunguliwa Disemba 26, 1900 kama thieta, na mwenye aliifungua ni Ellen Terry, mwigizaji mwenye Uingereza yote ilikuwa inamjua. Baadaye ikawa sinema, ikafungwa, halafu kutoka 1945 hadi 1972 BBC wakawa wanarekodia vipindi za redio hapo, watu wamekaa ndani wakicheka. 1977 ikarudi na jina Music Machine, mapunk wakaingia. The Clash walipiga hapo usiku nne Julai ya 1978. 1982 Steve Strange na Rusty Egan wakaigeuza Camden Palace. Strange alikuwa amejenga jina kwa kusimama mlangoni akicheki luku yako, na kama haijaweza unarudi kejani na ndula zako. 1983, dame mmoja wa New York, mwenye Uingereza ilikuwa haijamjua, akafanya hapo moja ya shoo zake za kwanza kwa hiyo nchi. Madonna.

Miaka za tisini ikawa ni madijei na floo. Ijumaa ilikuwa usiku wa kuitwa Peach, tranzi hadi che. Halafu moto ikapoa. 2004 Camden Palace ikafungwa, na msee anaitwa Oliver Bengough na watu wake wakaichukua, wakaipiga rangi upya, wakarudisha stej kwa kiti ya mdosi. Jina likawa KOKO. Novemba 2005 Madonna akarudi kuzindua albamu yake, Confessions on a Dance Floor, kwa chumba ile ile, miaka 22 baadaye, dunia nzima sasa inamjua.

Ebu tuongee kuhusu hiyo stej, ju watu wengi hudhani klabu na mahali pa laivu ni kitu moja imebadilishiwa bango. Zii. Klabu inataka giza, besi na kaunta refu. Dijei unaweza mweka hata kwa kona, ju hakuna mwenye amelipa kuona vidole vyake. Ukiwa umeangalia ukuta usiku mzima hujakosa chochote. Bendi ni hesabu ingine. Bendi inataka uone. Inataka mlango wa nyuma wa kuingizia vyombo bila kupita katikati ya watu, chumba wasee watabadilishia nguo na kutyuni gita, stima ya kutosha, spika za kuwaelekea wapigaji ndo wajiskie, na masaa mbili za kutest saundi kabla mlango ufunguliwe. KOKO iko na bahati kwa sababu ilijengwa kama thieta: balkoni zimepandana zikizunguka stej, kila mtu yuko karibu kuliko venye angekuwa kwa holi refu. Klabu ilikuwa inatumia hizo balkoni kwa kunywa na kuchekiana. Venye stej ilirudi kazini, balkoni zikarudia wera yenye zilijengewa. Kwa hivyo kazo hakuwa anadanganya na hiyo stori ya jasho.

Mimi najua maana ya kukosa hizi vitu ju hubebea bro yangu amp. Ako na kabendi ka wasee sita, wanapiga benga wamechanganya na fanki, wako na trampet na kila kitu. Klabu moja ya Nai, jina naiwacha, ilitupea Alhamisi. Kufika, hakuna stej. Tukasongezewa meza mbili, tukawekwa katikati ya mlango wa choo na friji ya bia. Soketi ni moja, ya hiyo friji. Kila mwenye amebanwa anapita mbele ya msee wa trampet akisema "siole". Tuliambiwa tutaanza saa tatu, tukaanza saa sita usiku ju dijei alikuwa hajaambiwa kama kuna bendi. Saa nane ndo tukalipwa, na ilikuwa nusu. Wasee wanne kati ya sita wanaishi Kayole na Rongai, na hiyo saa teksi ndo ilikula ile nusu. Bro hakusema kitu njia yote. Huo usiku ndo nilishika kwamba talanta Nairobi iko mob, chenye haiko ni chumba.

Na KOKO pia haikupewa raha bure. 2019 waliifunga ndo waitengeneze vizuri. Januari 6, 2020, katikati ya hiyo kazi, nare ikashika juu. Wazimamoto kama 60 wakakuja. Kuba la shaba, hilo lenye ulikuwa unaliona kutoka stesheni, likaisha. Halafu maji ya kuzima moto ikashuka ndani ikaharibu yenye nare ilikuwa imesaza. Miezi mbili baadaye Korona ikafunga kila kitu. Mtu mwingine angeuza hiyo ploti aende zake. Wao walijenga kuba upya, wakaunganisha na majengo ya kando, baa ya zamani ya kuitwa Hope & Anchor na kiwanda cha kitambo cha piano, ju Camden ilikuwa mtaa wa mafundi wa piano zamani hizo. Aprili 29, 2022 ikafunguliwa na bendi ya Arcade Fire. Hiyo kazi yote ilikula kama paundi milioni 70.

Najua hiyo doh hatuna. Lakini chenye kilinishtua zaidi si doh, ni sheria. Hilo jengo liko kwa orodha ya majengo ya historia tangu 1972, kwa hivyo hata mwenyewe hawezi amka asubuhi alete tingatinga. Hiyo moja. Ya pili ni majirani. Kulikuwa na wakati mwekezaji alitaka kugeuza ile baa ya kando iwe keja za kuishi. KOKO wakapinga mbaya sana, ju walijua mwisho wake: mtu anahamia karibu na mahali pa muziki, wiki ya pili anapiga ripoti ya kelele, mwaka wa pili mahali pa muziki pamefungwa. Hizo keja hazikujengwa. Na 2018 miongozo ya ujenzi ya Uingereza ikaandikwa waziwazi: mwenye anakuja kujenga kando ya ukumbi wenye ulikuwa hapo kwanza, yeye ndo anagharamia kuta na madirisha za kuzuia saundi. Si ukumbi.

Huku kwetu mzigo wote uko kwa mwenye spika. Sheria za kelele tuko nazo tangu 2009, na Novemba 2022 kanju ikasema haitapeana leseni za naitklabu kwa majengo na mitaa penye watu wanalala. Na sisemi watu wa keja hawana haki. Masa yangu ako Donholm, ukuta kwa ukuta na baa, na nimemwona akiamka saa kumi na moja kwenda job macho nyekundu. Hiyo ni ngori ya ukweli. Lakini angalieni tofauti: shoo ya bendi yenye imepangwa inaanza saa moja unusu, inaisha saa tano kasorobo, ndani ya kuta zimefungwa sawasawa. Klabu inaanza kuchemka hiyo saa bendi inafunga vyombo. Kanju ingeandika leseni ya ukumbi wa laivu peke yake, tofauti na ya naitklabu, ikiwa na masaa yake na masharti yake ya kuta, masa angelala na bro angelipwa.

Nikifikiria hizo vitu nakumbuka Simmers. Kama umezaliwa juzi, Simmers ilikuwa Kenyatta Avenue, kona ya Muindi Mbingu, katikati kabisa ya tao. Nyama, bia, na bendi za rumba. Wabuyu walikuwa wanatoka ofisi na tai, wanavua koti, wanadensi na wasee wa mjengo na mama za soko bila kuulizana unatoka wapi. Mbuyu wangu alinipeleka nikiwa kijana, akanikalisha na soda, na hapo ndo kwa mara ya kwanza niliona gita ya solo ikipigwa na binadamu mbele yangu na si kutoka kwa redio. Vidole vya huyo mzae sijawahi sahau. 2018 ikabomolewa, ngori ya ploti. Nilipita hapo baadaye nikielekea stej ya mat nikasimama tu.

Mad House nayo, ile Florida ya Koinange Street, jengo la mviringo kama sahani ya angani imetua juu ya petroli stesheni, pia iliangushwa. Unaweza sema ilikuwa ya raha ya usiku tu na mambo mengi hayakuwa safi hapo. Sawa. Lakini hiyo shepu haiko kwingine hii tao, na chumba cha mviringo na stej katikati, wasee wa muziki wangekifanyia maajabu. Tuko na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 yenye inaweza linda jengo lenye historia. Tunaitumia kwa nyumba za wakoloni na misikiti ya zamani, na ni poa. Mahali vijana na wazazi wao walidensi, hatuhesabu.

Na chumba kidogo kinazaa watu wakubwa. Sauti Sol hawakuanzia stadi. Walipatikana Alliance Française, pale tao, kwa stej yenye kijana wa kampasi anaweza simama mita mbili kutoka kwa maiki. Garden ya hapo imelea bendi nyingi kuliko klabu zote za Westlands nikiziweka pamoja, na sababu ni simple: kuna stej ya ukweli, saundi inatestiwa, shoo inaanza saa yenye imeandikwa, na unafika kwa mat ya mwisho. Shida ni ati iko moja, na mji umejaa.

Sasa hivi ukipanda ngazi za Tom Mboya, River Road, Moi Avenue, kuna orofa ya kwanza na ya pili mob zenye zilikuwa klabu. Nguzo bado zimepakwa nyeusi, mpira wa vioo bado unaninginia, kaunta imejaa vumbi. Nimeingia kadhaa na bro tukitafuta mahali pa kufanyia rihaso. Moja ilikuwa na dari juu kabisa na ukuta wa nyuma wa mawe. Bro akapiga makofi mara moja, akatulia akiskiza venye sauti inarudi, akapiga tena. Msee wa kulinda akatuambia wanangoja fundi aje akate vyumba, ziwe stoli 40 za nguo.

Kwa hivyo hii naiandikia watu watatu. Mwenye jengo: kabla uite fundi wa kukata stoli, ita bendi tatu, wape Alhamisi nne, uwawekee stej ya mbao ya futi mbili na soketi zao, tiketi iwe soo tano, na muandikiane mapema mlango unagawanywa vipi. Kanju: andikeni hiyo leseni. Na wewe mwenye unasoma ukiwa kwa mat: Alhamisi hii tafuta bendi yoyote inapiga laivu karibu na wewe, fika saa yenye imeandikwa, usipige simu uwekwe kwa listi ya kuingia sare. Lipa mlangoni, simama mbele.