Seva Ndogo ya Dukani: Daftari la Madeni Lisizimike na Stima

Mfanyabiashara akipoteza gunia la sukari, faida ya siku chache yaweza kulirudisha. Akipoteza daftari la madeni, amepoteza mali, na mara nyingi amepoteza na majirani. Mdai asema shilingi elfu tano, mdaiwa asema elfu tatu, na baina yao hapana karatasi ya kuamua. Jambo hili si geni kwetu. Tulifundishwa tangu chuoni kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, iliyomo katika Suratul Baqara, ni aya ya deni, nayo yaamrisha deni liandikwe, mwandishi awe mwadilifu na mashahidi wawepo. Twajua kadhalika kwamba mtu akifariki, urithi haugawanywi kabla ya deni lake kulipwa. Kwa hivyo kulihifadhi daftari si hesabu ya duka peke yake. Ni kuhifadhi haki ya mtu, aliye hai na aliyekufa.

Siku hizi daftari hilo lahamia ndani ya kompyuta. Nchini Kenya malipo mengi ya dukani hupitia M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, na tangu mwaka 2024 gharama za biashara kwa kawaida zatakiwa ziwe na ankara ya eTIMS, mfumo wa Mamlaka ya Ushuru. Mwenye duka atake asitake, hesabu zake zaingia katika mitambo. Basi swali ni hili: je, daftari la kompyuta laweza kuwa la bei nafuu, na papo hapo likaaminika kama lile la karatasi, ambalo halikuhitaji stima wala mtandao?

Swali hili tutalipima kwa mji mmoja, Oyugis. Mji huu uko katika Kaunti ya Homa Bay, kwenye barabara kuu itokayo Kisii kwenda Kisumu, pale nchi ya Wajaluo inapokaribiana na ya Wakisii. Ndizi kutoka Kisii, viazi vitamu vya Kabondo, njugu na samaki wa ziwani hukutana sokoni mwake. Ukishuka mwendo mfupi kuelekea ziwani wafika Kendu Bay, bandari yenye jamaa wa Kiislamu wa tangu zamani, kwa hivyo upande ule si ugenini kabisa kwa watu wa pwani. Twauchagua Oyugis kwa kuwa ni mahali pa kumpima fundi: stima hukatika, vumbi hupenya kila ufa, na mvua za alasiri huja na radi kali. Mtambo utakaodumu huko utadumu Hola, Kwale na Faza, ingawa sisi huku tuna na chumvi ya bahari inayokula vyuma.

SEVA NI NINI?

Seva maana yake ni mtumishi. Ni kompyuta isiyokaliwa na mtu mbele yake. Kazi yake ni kukaa macho usiku na mchana, kupokea maswali na kuyajibu. Tuchukue mfano wa duka la mbolea na mbegu. Mmoja yuko kaunta auza, wa pili yuko stoo apokea mizigo, na mwenye duka yuko nyumbani ataka kujua ni mkulima gani aliyechukua mbolea kwa mkopo mpaka mavuno. Wote watatu wahitaji daftari moja kwa wakati mmoja. Hapo ndipo seva inapofaa. Lakini duka la mtu mmoja halihitaji seva. Daftari na simu vyamtosha, na fundi anayemwambia vingine amtafutia hasara.

Mitambo mingi inayouzwa kwa kazi hii ilibuniwa kwa ajili ya vyumba vya ofisi za Ulaya na Marekani, ambako hewa hupozwa na stima haikatiki. Vijana wa Nairobi waliliona hilo mapema. Kundi la Ushahidi, lililoanza kazi zake wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa Disemba 2007, lilibuni kifaa kilichoitwa BRCK. Mwaka 2013 walichangisha zaidi ya dola 170,000 kwa watu wa sehemu mbalimbali za dunia. Kilikuwa kisanduku cheusi kigumu mfano wa tofali, chenye betri ya saa 8 ndani yake, na mtandao mmoja ukipotea kiliweza kuhamia mwingine. Bei yake ilikuwa yapata dola 200. Mwaka 2015 wakatoa Kio Kit kwa ajili ya shule: sanduku la safari lenye tableti 40 pamoja na seva ndogo ya kuwagawia wanafunzi masomo. Mwaka 2017 ikaja SupaBRCK, iliyokuwa seva na kituo cha mtandao kwa pamoja. Biashara yenyewe ilipita katika misukosuko, lakini fikra yake yafaa kushikwa: anza na matatizo ya mahali, kisha ndipo uchague mashine.

STIMA NA RADI

Tatizo la kwanza ni stima. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, na karibu Kenya nzima ikazima. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi ikazima tena, na sehemu nyingi zikakesha gizani. Hayo ni makubwa yaliyotangazwa. Kukatika kwa nusu saa mtaani hakutangazwi, na huko ndiko kunakoua mashine zaidi. Kompyuta ikizimika katikati ya kuandika, huacha maandishi nusu, na nusu hiyo yaweza kuharibu ukurasa mzima.

Dawa yake si jenereta kubwa. Dawa ni kupunguza njaa ya mtambo. Kompyuta ya kawaida ya mezani pamoja na skrini yake yaweza kula wati 120. Kompyuta ndogo za namna ya Raspberry Pi, ambazo zilitoka Uingereza mwaka 2012 kwa bei ya dola 35, hula wati chache tu. Tuseme seva na kifaa cha mtandao pamoja vyala wati 15. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600; ikiwa ni betri ya risasi usitumie zaidi ya nusu, isije ikafa mapema, basi wabakiwa na 300. Gawanya kwa 15, wapata saa 20. Kompyuta ya mezani kwa betri hiyo hiyo ingekaa saa mbili na nusu. Na kwa kuwa Oyugis iko karibu nusu digrii tu kusini mwa Ikweta, jua lake ni la kutegemewa karibu mwaka mzima, na paneli moja ya wati 100 yatosha kurudisha kilicholiwa.

Wako pia wanaotumia laptopu kuukuu kuwa seva, wala si fikra mbaya. Ina betri yake, skrini yake na kibodi yake, na spea zake ni rahisi kupatikana. Sharti betri iwe bado nzima, na programu iagizwe kuuzima mtambo kwa taratibu betri inapokaribia kwisha, usife ghafla.

Tatizo la pili ni radi. Ukanda wa Ziwa Viktoria pamoja na milima ya Kisii ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi sana duniani. Radi haihitaji kupiga duka lenyewe. Ikipiga nguzo ya mbali, nguvu yake hufuata waya mpaka mezani. Kwa hivyo yapasa duka liwe na waya wa athi uliochimbiwa sawasawa, na kikinga-radi mahali stima inapoingilia. Jambo ambalo mafundi wengi hulisahau ni kwamba waya wa shaba unaovutwa juu kwa juu kutoka dukani hadi stoo ni njia ya kuikaribisha radi ndani. Baina ya jengo na jengo ni heri kutumia wai-fai.

Vumbi nalo hupendelea mashine zenye feni, kwani feni hulivuta. Seva isiyo na feni, katika kisanduku cha chuma kilichofungwa vyema na kutundikwa ukutani mbali na sakafu, huishi zaidi. Tundu zake zizibwe kwa wavu, kwa maana sisimizi na mijusi hupenda joto la mitambo.

NAKALA NDIZO USALAMA

Hata hivyo, mashine yoyote ipo siku itakufa. Atakayetumia fedha zake zote kununua seva imara, asibakishe chochote cha nakala, amejenga nyumba ya mlango mmoja. Wengine hutia diski mbili ndani ya seva moja zikaandika sawasawa, wakadhani wamemaliza. Diski mbili zafaa diski moja inapokufa. Lakini karani akifuta deni kwa bahati mbaya, zote mbili hufuta. Mwizi akibeba kisanduku, huzibeba zote.

Watu wetu walilijua hili kabla ya kompyuta. Sayyidna Uthman alipokusanya Msahafu hakuiacha nakala moja Madina. Alipeleka nyingine katika miji mikubwa. Na hapa Mombasa, Muyaka bin Haji alifariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake yalikuwa vifuani mwa watu, na watu hufa. Ni Mwalimu Sikujua aliyeyakusanya, akamwandikia mmishonari Taylor, na karatasi zile zikahifadhiwa London, hata mwaka 1940 yakatoka kitabu. Lau yangebaki mahali pamoja leo tungekuwa tukitaja jina tu.

Duka la Oyugis nalo lifanye vivyo hivyo kwa kadiri yake. Nakala ya kwanza iwe ndani ya seva. Ya pili iwe katika flash inayokwenda nyumbani na mwenye duka kila jioni. Ya tatu ipelekwe mbali kwa mtandao wakati wa usiku, ikiwa imefungwa kwa msimbo. Huo mtandao tusiufanye tegemeo la pekee: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa kusini, na watu wa Kenya wakateseka siku kadhaa. Aliyekuwa na daftari lake mbali tu, alingoja. Aliyekuwa nalo dukani aliendelea kuandika.

Tena nakala ijaribiwe. Mara moja kwa mwezi ifunguliwe katika kompyuta nyingine, lionekane deni la mtu mmoja lasomeka. Nakala isiyopata kufunguliwa ni dhana tu.

FUNGUO

Programu za kuendesha seva hazihitaji fedha nyingi. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hutolewa bure, na ziko hazina-data za bure ambazo huandika kila badiliko pembeni kwanza kabla ya kulitia katika kitabu kikuu, ili stima ikikatika pasiwe na ukurasa nusu. Gharama kubwa ni ya mtu. Fundi aandike karatasi kwa lugha wanayoisoma wenye duka, aeleze kila waya waenda wapi na kifaa gani chabadilishwa vipi. Spea ziwe zile zinazopatikana Oyugis penyewe au Kisii. Mtambo ambao hurekebishwa Nairobi tu, ukifa Ijumaa, duka limekufa mpaka wiki nyingine.

Na neno la siri lisiwe kichwani mwa mtu mmoja. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yamtaka anayeweka majina na simu za watu azilinde, kwa hivyo daftari lazima lifungwe. Lakini mwenye ufunguo akifariki nao, wadai na wadaiwa wote wamefungiwa nje, na warithi hawajui wagawe nini. Auandike, autie katika bahasha, ampe mwaminifu mmoja, na autaje katika wasia wake.

Mwenye duka akiambiwa bei ya seva, basi, asiulize tu mashine ni kiasi gani. Aulize betri itakaa saa ngapi, waya wa athi umechimbiwa wapi, nakala ya jana iko kwa nani, na nani mwingine anayejua kuifungua. Fundi asiyeweza kumjibu hayo bado hajamtengenezea daftari.