Doa la Mguu, Tezi ya Shingo

Mtu mmoja alikuja kwa fundi wa viatu pale soko la Jericho, nami nikiwa kwenye benchi nangoja soli yangu ishonwe. Alitaka ukanda wa sandali urefushwe, mara ya pili mwezi huo. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba, ngozi imekakamaa, na juu ya wayo madoa meusi yenye rangi ya zambarau, yametuna kama kunde. Hayawashi, hayaumi, akasema. Ndiyo maana ameyaacha.

Mimi si daktari, na jina la ugonjwa wake sikulijua. Ila madoa ya namna hiyo huenda yakawa saratani ya Kaposi, uvimbe wa mishipa ulioelezwa na Moritz Kaposi kule Vienna mwaka 1872. Kwetu Afrika Mashariki haukuletwa na Ukimwi. Mwaka 1961, kabla Ukimwi haujajulikana, wataalamu walikutana Makerere kuujadili. Virusi vya Ukimwi viliupa nafasi tu, kwa kuivunja kinga.

Chanzo kilipatikana mwaka 1994, Yuan Chang na Patrick Moore walipogundua kirusi kiitwacho HHV-8. Mwaka uliofuata kikakutwa tena mahali pengine: katika saratani adimu ya limfu inayojaza maji kifuani au tumboni, na katika ugonjwa wa Castleman, unaovimbisha matezi na kuleta homa. Kirusi hiki hukaa ndani ya seli B za kinga, na vilevile huvamia seli zinazotandika kuta za mishipa ya damu na ya limfu. Huenea hasa kwa mate, mara nyingi tangu utotoni. Wengi walio nacho hawaugui kamwe.

Kwa hiyo mwenye madoa asimwonyeshe daktari mguu peke yake. Homa inayokuja na kurudi, matezi, pumzi kukatika: yote ayataje kwa pamoja, maana huku kwetu dalili hizo hudhaniwa haraka kuwa TB. Kipande cha nyama kikatwe, kipimwe. Tiba ipo. Mwenye HIV huanza na ARV, na ugonjwa ukikolea huongezewa dawa za saratani kama paklitakseli.

Nilimweleza hayo huku fundi akipiga misumari. Akanyamaza, kisha akapeleka vidole chini ya taya.

“Hapa pia pana kitu, mzee. Nilidhani ni jino.”